Namba ya Uwanja wa Ndege

Katibu wa Chama cha Wanafizikia hakuwa na gari. Hakuwa na shahada ya tatu, na katika watu wale kukosa shahada ya tatu ni kama kwenda harusini bila viatu: utaingia, utakula, lakini kila mtu atakutazama miguu. Hakuwa na mshahara wa kazi ile, maana ukatibu ulikuwa wa kujitolea. Hakuwa na mjomba wizarani wala shemeji bungeni. Hakuwa na mume, alikuwa amefiwa. Hakuwa na kimo. Akisimama nyuma ya meza ya mikutano ungedhani bado amekaa. Hakuwa na sauti ya kunyamazisha ukumbi. Hakuwa hata na hamu ya cheo chenyewe. Siku ya uchaguzi alitoka nje kupokea simu ya mama mkwe wake, aliyetaka kujua chumvi imewekwa wapi, na aliporudi ndani alikuta watu wanampigia makofi.

Alichopewa ni ufunguo wa chumba. Chama kilipanga chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ngazi zilikuwa nyembamba, na mwenye duka alizidi kuzibana kwa kuegesha magodoro yake kila upande. Mlangoni palikuwa na kibao, CHAMA CHA TAIFA CHA WANAFIZIKIA, na chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, Magodoro Ni Chini.

Watu wa mjini hawakujua chama kile ni cha nini. Kuna mama mmoja aliyepanda ngazi zile akiomba kujiunga, kwa kuwa alisikia kwamba wanazikana vizuri. Katibu alimpa kiti na maji ya kunywa akamweleza, lakini yule mama alishuka akiwa haamini kwamba watu wazima wanaweza kuchangishana kila mwaka bila hata sufuria za pamoja.

Kumbe chama kilikuwa na nguvu. Sheria ilikataza mtu kugusa mashine ya mionzi, iwe ya hospitali au ya kiwanda, kama jina lake halimo katika rejista ya chama. Hospitali ikinunua mashine mpya, chama ndicho kilichotuma mtaalamu kuipima na kuitolea cheti. Na penye hatari kwa umma, katiba ilisema, chama kitasema. Hilo la mwisho lilikuwa halijawahi kutendeka. Miaka yote hiyo chama kilikuwa kimesema katika risala za kufungua semina tu.

Asubuhi moja barua ya hospitali kuu ililetwa kwa mkono, na mshitakiwa aliyetajwa ndani yake akaingia kabla chai ya Katibu haijapoa. Barua ilitaka chama kimfute katika rejista mwanafizikia wa wodi ya mionzi, kwa kukataa kazi, kwa kuwatia wagonjwa hofu, na kwa kumvunjia heshima mtaalamu wa chama. Mwanafizikia huyo alikuwa binti mrefu mwenye kucha fupi. Wenzake walimwita Desimali tangu chuoni, kwa sababu hakuwahi kukubali kwamba tisa nukta tisa ni kumi. Kwapani alibeba kitu kilichofungwa kwa taulo.

"Keti," Katibu alisema. "Umekunywa chai?"

"Sikuja kunywa chai, mama. Nimekuja kufutwa."

"Kufutwa kuna foleni. Kunywa chai kwanza."

Binti aliketi pembeni kabisa mwa kiti. Alifungua taulo, ndani mkawa na barometa ya zamani, ya mbao, yenye mhuri wa shule ya sekondari.

"Nieleze polepole," Katibu alisema. "Mimi nimesoma fizikia, lakini hii nitakwenda kuieleza kwa watu ambao hawakuisoma."

"Mashine inatoa mionzi ya kuua uvimbe. Ikitoa kidogo, kinachopona ni uvimbe, siyo mgonjwa. Ikizidisha, inaunguza mtu. Ili tujue inatoa kiasi gani tunaweka mbele yake kifaa kidogo, kama kifuniko cha kalamu, ndani yake mna hewa. Mionzi ikiipiga ile hewa, unatoka umeme kidogo, tunausoma."

"Endelea."

"Mji wetu uko mlimani. Hewa ya huku ni nyepesi. Hewa ikipungua kwenye kifaa, na umeme unapungua, ingawa mionzi ni ileile. Kwa hiyo lazima upime mgandamizo wa hewa humo chumbani, halafu urekebishe hesabu."

"Hayo ni ya mwaka wa pili."

"Ni ya mwaka wa pili. Sasa siku mashine ilipopimwa, barometa ya hospitali ilikuwa imevunjika. Mtaalamu akapiga simu uwanja wa ndege, wakampa namba."

Katibu alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Alikirudisha mezani.

"Wakampa ya marubani," alisema.

"Wakampa ya marubani, mama."

Asiyesoma mambo haya na aelewe hivi. Uwanja wa ndege hauwatajii marubani mgandamizo wa hewa wa mahali ulipo. Huwatajia namba iliyokwisha kukokotolewa kana kwamba uwanja uko ufukweni, ili ndege zote zipime urefu wake kutoka mahali pamoja. Kwa rubani hiyo ni namba sahihi, inamwokoa asigonge mlima. Kwa mtu anayepima mionzi katika mji wa mlimani ni namba ya mahali ambapo yeye hayupo. Mtaalamu yule aliamini chumba kimejaa hewa nzito ya pwani. Aliposoma umeme mdogo akadhani mashine ni mvivu, akaamuru ipandishwe. Tangu siku hiyo kila mgonjwa aliyelala chini yake alipokea alichoandikiwa na daktari, na juu yake nyongeza ya sehemu moja ya tano.

"Uligunduaje?" Katibu aliuliza.

"Si mimi niliyeanza, ni muuguzi. Aliniuliza kwa nini ngozi za wagonjwa zinababuka mapema kuliko kwenye mashine ile ya zamani. Nikaazima hii shuleni nikapima upya. Nilipima mpaka nikajichukia. Nikamwambia Mkurugenzi. Akanionyesha cheti ukutani, kiko kwenye fremu, akaniuliza, wewe na huyu nani zaidi? Nikakataa kuwasha mashine. Wamemleta fundi kutoka hospitali nyingine, anaiwasha kila asubuhi."

"Kila asubuhi? Hata leo?"

"Hata sasa hivi tunavyoongea."

"Na cheti kina jina la nani?"

Desimali alitazama barometa. "Mama, jina unalijua."

Katibu alilijua. Mtaalamu aliyetumwa na chama alikuwa Mwenyekiti wa chama mwenyewe, mzee waliyemwita Profesa tu, kana kwamba hakukuwa na wengine nchini. Ndiye aliyekianzisha chama. Nusu ya waliokuwemo kwenye rejista aliwafundisha yeye, Katibu akiwa mmojawapo.

Alimpigia simu Mkurugenzi wa hospitali palepale, binti akisikia.

"Leta kwa maandishi," Mkurugenzi alisema. "Kwa mhuri, na saini mbili kama katiba yenu inavyotaka. Bila hivyo kwangu huo ni umbea wa wanawake wawili. Na huyo binti yenu mfuteni kwanza, ndipo tuongee."

Kisha akampigia Profesa. Profesa alicheka kwa upole. "Binti yangu, nilipima mwenyewe, kwa mkono huu. Barometa ya shule? Zile watoto huzichezea. Itisha Halmashauri, tutamaliza."

Katibu akaiitisha kwa siku iliyofuata, alasiri.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake sebuleni anachambua mchele kwenye ungo, redio imezimwa ili asikie vizuri kama kuna jirani anayegombana.

"Umerudi na uso kama ukuta," mama mkwe alisema. "Umefukuzwa?"

"Bado."

Alimsimulia yote. Mama mkwe alikuwa mtu wa kusikiliza kwa vidole. Jambo likiwa zito, mchele ulichambuliwa haraka. Aliposikia jina la Profesa vidole vikasimama.

"Huyo mtu," alisema, "alikuja humu ndani ukiwa mkaza mwana mchanga. Mimi nilikuwa nimeshaamua: mke wa mwanangu akae nyumbani, masomo ya nini tena? Akaja na kofia mkononi, akakaa kwenye kile kiti kibovu, akaniambia, 'Mama, ukimzuia huyu nitakuja hapa kila siku mpaka uchoke kunipikia.' Nikampigia hesabu, nikaona atanifilisi kwa tumbo lile."

Katibu alicheka bila kutaka.

"Cheka. Kisha kesho ukamvue nguo mbele za watu."

"Sitaki kumvua nguo, mama. Nataka mashine izimwe."

"Izimeni bila kumtaja."

"Tusipomtaja yeye, watamtaja binti."

"Binti huyo ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi?"

"Na wale wanaolazwa chini ya mashine si ndugu zangu, mama. Wala wako."

Mama mkwe alitoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa dirishani. "Hicho chama chenu kinafanya nini hasa? Miaka yote unakwenda huko jioni, sijapata kuona hata sahani mliyopewa."

"Kinatakiwa kusema namba ya kweli ni ipi."

"Basi kiseme. Ila na wewe nisikilize. Umseme mbele yake. Kumsema mtu kisogoni ni uoga, na mwanangu hakuoa mwoga. Halafu umwite Mwalimu. Usije ukamwita Mwenyekiti kama mtu asiyemjua."

Halmashauri ilikutana. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na harufu ya magodoro mapya ikapanda mpaka juu. Walikuwa wajumbe saba. Mhazini alikuwa mkaguzi katika idara ya vipimo na mizani ya serikali, mtu mfupi mwenye tumbo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Walimwita Risiti, kwa kuwa hata ukimpa maembe atataka kujua yamepokelewa wapi. Ilijulikana pia kwamba hapendi kuweka saini yake kwenye kitu chochote ambacho hakuanzisha yeye. Mhadhiri wa chuo kikuu alikaa karibu na mlango, kama kawaida yake, ili awahi kutoka. Desimali hakuwa mjumbe. Alisubiri chini, nje ya duka, amekalishwa na mwenye duka juu ya rundo la magodoro.

Profesa aliingia wa mwisho, kwa koti na kofia, akihema.

"Ngazi hizi zinanichukia, binti yangu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zingekuwa na akili zingejua mimi ndiye niliyezikodi."

Wakacheka, wakafungua kikao. Profesa alisema jambo lenyewe ni dogo. Hawatamfuta binti yule. Ni kijana, ana bidii. Atapewa onyo, chama kitaomba radhi hospitalini, naye atarudi kazini.

"Onyo la kosa gani, Mwalimu?" Katibu aliuliza.

"La kusema nje kabla ya kusema ndani."

"Na kipimo chake?"

"Kipimo chake ni cha barometa ya shule."

Sasa chama kile kilikuwa na desturi moja, na aliyeianzisha ni Profesa huyuhuyu. Ubishi wa kipimo ukitokea, hakuna ruhusa ya kujadiliana mpaka kila mtu akokotoe peke yake, aandike jibu kwenye kipande cha karatasi, akikunje na kukitia ndani ya mkebe wa biskuti uliokaa juu ya kabati. Profesa alikuwa na sababu yake, na aliirudia kwa kila kizazi cha wanafunzi: namba ya mkubwa ina uzito hata kabla hajaitaja, na wadogo huifuata kama mbuzi wanavyomfuata mwenye kengele. Aliwahi kumtoa nje mtu mzima kwa kuchungulia karatasi ya jirani.

"Naomba mkebe," Katibu alisema.

Mhadhiri aliguna. Profesa alifurahi. "Leteni mkebe. Hii ndiyo kazi yetu, siyo kusoma muhtasari wa kikao kilichopita."

Katibu alikwenda ubaoni. "Nina swali moja. Mji wetu uko juu ya bahari kwa urefu huu hapa, kama ilivyoandikwa kwenye kibao cha barabara kuu. Chukulieni siku ya kawaida, haina mvua wala dhoruba. Barometa nzima ikitundikwa ukutani pale hospitali, itasoma ngapi? Andikeni."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Watu wale walikuwa wakibishana juu ya kila kitu, hata juu ya upande gani dirisha lifunguke, lakini mbele ya hesabu walikuwa kama watoto waliopewa pipi, kila mtu na yake mdomoni. Profesa alikokotoa haraka, akapiga mstari katikati ya saba zake kama desturi yake, akakunja karatasi na kuitia mkebeni, miongoni mwa za kwanza.

Risiti aliufungua mkebe, akasoma moja baada ya nyingine. Namba hazikulingana sawasawa, wala hazikutakiwa kulingana, lakini zilikaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Ya Profesa ilikuwa katikati kabisa.

"Tumekubaliana," Profesa alisema. "Hata wewe Risiti safari hii umepatia."

"Mwalimu," Katibu alisema, "hii ni karatasi ya vipimo vya mashine, ya siku ile, kutoka faili letu la vyeti. Ni mwandiko wako. Naomba usome mwenyewe mgandamizo ulioandikwa."

Alimwekea mbele. Profesa hakuisoma kwa sauti. Aliitazama karatasi, akautazama ubao, akairudia karatasi. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akavaa, akatazama tena. Chini mteja alikuwa anabishania bei ya godoro, na maneno yake yote yalisikika.

"Nilipiga simu," Profesa alisema hatimaye. "Nikauliza mgandamizo wa hewa. Kijana yule alinisomea vizuri sana, mpaka akarudia."

"Alikusomea vizuri, Mwalimu. Alikusomea ya marubani."

"Ya marubani," Profesa alisema. Kisha, kwa sauti ya darasani, "Basi binti yuko sahihi. Mashine inazidisha."

Risiti alishusha pumzi, na mjumbe mmoja akaanza kukusanya kalamu zake kana kwamba mambo yameisha. Hayakuwa yameisha. Kukubali namba kulimgharimu Profesa dakika moja tu, maana katika namba alikuwa mkweli tangu ujana. Kazi ilikuwa barua.

"Andika hivi," alimwambia Katibu. "Chama, katika utaratibu wake wa kawaida, kimepitia upya vipimo, na kinashauri mashine isimamishwe kwa muda kwa ajili ya marekebisho. Mwisho."

"Na kosa?"

"Neno kosa la nini? Marekebisho yanatosha."

"Mwalimu, kuna watu wameshapita chini ya mashine ile tangu siku ya cheti. Madaktari wao lazima wawatafute, wawaite, wawachunguze. Tukiandika utaratibu wa kawaida hakuna atakayetafutwa. Na Mkurugenzi atataka mtu wa kumlaumu. Tusipompa jina, atachukua la karibu, na la karibu ni la Desimali."

Mhadhiri aliyekaa mlangoni akaingilia. "Dada Katibu, tusijianike. Wizara inatafuta sababu ya kutunyang'anya rejista. Tukisema Mwenyekiti wetu amekosea hesabu ya mwaka wa pili, kesho nani atatuamini?"

"Wasituamini," Katibu alisema. "Lakini mashine izimwe."

"Chama kitavunjwa."

"Kikivunjwa kwa kusema kweli, watu watajua kilikuwa cha nini. Hivi sasa wanadhani tunazikana, na leo sijui nitawabishia vipi."

Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ndogo vilevile kama siku zote, na ndiyo maana walilazimika kunyamaza ili waisikie.

Profesa alikuwa ameshika kofia yake. "Mimi nimekijenga chama hiki," alisema, "wewe ukiwa hujui hata kuliandika neno fizikia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilikwenda kwa mama mkwe wako. Nilibembeleza."

"Ndiyo, Mwalimu. Jana usiku alinikumbusha."

"Na leo unataka niweke saini chini ya barua inayosema nimeunguza watu."

"Nataka uweke saini chini ya namba uliyoiandika sasa hivi mwenyewe, bila kuchungulia kwa jirani. Barua haitasema zaidi ya hapo."

"Hutaki kuniachia kitu."

"Mwalimu, kama ingekuwa yangu ningekuachia. Ngozi za watu si zangu."

Profesa alisimama. Watu walidhani anataka kwenda ubaoni, kama alivyozoea, lakini alivaa kofia. Hakugonga meza wala kumlaani mtu. Alisema kwamba katiba aliiandika yeye na anaijua: Mwenyekiti akikataa, Halmashauri itapiga kura na mjumbe mwingine atasaini pamoja na Katibu. "Fanyeni," alisema. "Mkono wangu hamtaupata." Mhadhiri akasogeza kiti ili apite.

Wakasikia miguu yake kwenye ngazi, mmoja mmoja. Katibu alikuwa karibu na dirisha, akatazama chini. Desimali alikuwa ameruka kutoka kwenye magodoro, amesimama wima, barometa kifuani. Profesa alisimama mbele yake. Akanyoosha mkono, akapewa barometa. Aliigeuza, akagonga kioo kwa ukucha kama wanavyofanya watu waliozisoma maisha yao yote, akasubiri mshale utulie. Alipokwisha kusoma alimrudishia na kwenda zake. Kama alisema neno, halikufika juu.

Kura zilipigwa kwa mikono. Mhadhiri alikataa, na mwingine mmoja akasema haegemei upande wowote, ingawa alikuwa ameegemea ukuta. Waliobaki waliinua mikono. Lakini ilipofika saini ya pili, mikono yote iliyokuwa juu ilijificha chini ya meza. Mmoja alikumbuka kwamba ana mkataba na hospitali. Mwingine alisema mwandiko wake hausomeki. Katibu aliisukuma rasimu ya barua mpaka katikati ya meza, ikabaki pale kama sahani ya mwisho ambayo kila mgeni anaona haya kuichukua.

"Risiti," mhadhiri alisema, nusu kwa utani, "wewe hii huwezi. Wewe hata kadi ya harusi hujasaini."

Mhazini alishusha miwani mpaka ncha ya pua.

"Mimi kazi yangu ni kuzunguka masokoni kukagua mizani," alisema. "Nikimkuta muuza nyama ana jiwe la uongo, namnyang'anya palepale, wateja wakiwa wamepanga foleni. Analia, ananiita baba, ananiambia tuongee pembeni. Sijawahi kwenda pembeni na mtu. Wengine wana watoto wadogo, na bado sikwenda. Mzee yule nampenda. Lakini siwezi kesho kumvua muuza nyama mizani yake wakati yetu nimeifunika kitambaa. Lete kalamu."

Akasaini polepole, herufi moja moja, kama mtu anayechonga.

Katibu na Risiti walibaki chumbani, Katibu akainakili barua kwa mkono mzuri, kwa kuwa mashine ya kuchapa ilikuwa inaruka herufi. Aliandika kwamba cheti ambacho chama kilikitoa kina kosa, na kinafutwa kuanzia leo. Aliandika kosa lenyewe lilivyotokea, kwa maneno ambayo karani angeyaelewa: namba ya uwanja wa ndege ilitumika mahali pa namba ya chumba. Aliandika kwamba aliyekosea ni mtaalamu wa chama, Mwenyekiti wake, akamtaja kwa jina na vyeo vyote bila kupunguza hata kimoja, maana alivipata kwa haki. Aliandika kwamba mashine isiwashwe tena, na kila mgonjwa aliyetibiwa nayo tangu siku ile atafutwe na daktari wake. Kuhusu Desimali aliandika hivi: "Mwanafizikia wenu alipima sawasawa na alikataa sawasawa. Jina lake halifutwi. Atakayemwondoa kazini kwa sababu hii ajue kwamba chama hiki hakitaipa hospitali yake mwanafizikia mwingine."

Alisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Ilikuwa ya ukali kuliko alivyozoea. Akaiacha, wakasaini nakala zote mbili, akazipiga mhuri wa chama.

Nakala ya mamlaka ya serikali inayosimamia mionzi aliikabidhi kwa Risiti, ambaye ofisi yake ilikuwa jengo moja nayo. Ya hospitali aliishika mwenyewe, akashuka nayo, akakata kona mpaka posta, maana barua ya mkono wangeweza kukana kuipokea. Dirisha moja tu lilikuwa bado wazi. Simu ikalia akiwa kwenye foleni. Alikuwa Mkurugenzi.

"Nasikia mmekutana," alisema. "Profesa amenipigia, anasema kuna kitu kinakuja. Mama, bado hujachelewa. Fikirini vizuri."

"Tumefikiri vizuri sana, Mkurugenzi."

"Hii hospitali ina mawakili."

"Watafaa. Wataisoma haraka kuliko wewe."

"Unajua unacheza na nani?"

"Samahani, nimefika dirishani," Katibu alisema, akakata.

Aliikunja barua mara mbili na kuitia ndani ya bahasha. Gundi ya posta ilikuwa imekauka kwenye chupa, akalowesha ukingo wa bahasha kwa ulimi, akaukandamiza kwa kiganja kwenye kaunta na kuuegemea kwa uzito wake wote, na uzito wake haukuwa mwingi, kwa hiyo aliegemea kwa muda mrefu.

"Ya kawaida?" mtu wa posta aliuliza.

"Ya haraka. Lazima waipate asubuhi, kabla hawajawasha."

Mtu wa posta hakuuliza kuwasha nini. Aliipiga mhuri upande huu na upande ule, akaitupa kwenye mfuko wa hospitali, akaufunga mfuko kwa kamba.